Ukitaka kuujua ukoo wa Kibunt, anzia kwa mama

Wapenzi wa muvi za Kihindi wanalijua jina Shetty. Kuna Shilpa Shetty, kuna Suniel Shetty, kuna yule dairekta Rohit Shetty, na wengi huku kwetu wanadhani hao ni ndugu, alafu Aishwarya Rai wanamuweka upande mwingine kabisa. Sasa kiukweli wote wanne asili yao ni jamii moja, Wabunt wa pwani ya kusini magharibi ya India, na hilo jina Shetty halikwambii chochote kuhusu nani ni ndugu wa nani. Shetty na Rai wanaweza kuwa ukoo mmoja kabisa, hawaruhusiwi kuoana, na Shetty wawili wanaoishi mtaa mmoja wanaweza wasiwe na undugu wowote wakafunga ndoa hata kesho. Hapo ndo anayejaribu kuchora nasaba ya familia ya Kibunt anapoanza kuchanganyikiwa, kwahiyo ngoja tuifungue taratibu, hasa kwa zile familia zilizokuwa na ardhi, mana kwao ardhi na ukoo vimefungwa pamoja, huwezi kueleza kimoja ukaacha kingine.

Eneo lenyewe linaitwa Tulu Nadu, ukanda mwembamba kati ya Bahari ya Arabu na milima ya Western Ghats. Leo ni wilaya za Dakshina Kannada na Udupi kwenye jimbo la Karnataka, pamoja na Kasaragod iliyoko Kerala, na mji mkubwa ni Mangaluru, ule uliokuwa unaandikwa Mangalore. Watu wanaongea Kitulu, ila ukipanda kaskazini kuelekea Kundapura unakuta Wabunt wanaoongea Kikannada cha kwao na wanaitwa Nadava. Mvua ni nyingi, mpunga unakubali, minazi na mipopoo imejaa. Wabunt walikuwa wapiganaji wa watawala wadogo wadogo wa pwani na wakati huohuo wenye mashamba, na majina kama Hegde, Alva, Ballal, Chowta, Rai, Bhandary na hilo Shetty mengi yalianza kama vyeo au heshima ya nyumba fulani, alafu yakageuka majina ya mwisho kwenye vyeti vya shule.

Ukoo wenyewe unaitwa bali, wengine wanatamka bari, na unaupata kwa mama yako. Baba yako ana bali yake aliyoipata kwa mama yake, haikuhusu. Watu wa bali moja wanahesabiwa ni kaka na dada hata kama nyumba zao ziko mbali na hakuna mtu anayekumbuka waliachania wapi, hivyo kuoana ni mwiko. Mtoto wa mama mdogo au mama mkubwa ni ndugu yako wa bali moja, umekwama, lakini mtoto wa mjomba au wa shangazi ni bali nyingine na zamani ndo hasa aliyekuwa anapendekezwa muoane, kwa sababu ndoa ya namna hiyo inarudisha mali karibu. Kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba bali zinavuka mipaka ya matabaka. Majina kama Bangera, Salian au Karkera utayakuta kwa Wabillava, ambao kazi yao ya jadi ilikuwa kugema tembo, na kwa Wamogaveera ambao ni wavuvi, na wao wameyafanya majina ya mwisho wakati Mbunt anaficha bali yake nyuma ya cheo. Ukiliangalia hilo vizuri unaona hawa watu wa pwani wana mizizi iliyosokotana kuliko vile ngazi za tabaka zinavyotaka tuamini.

Ndani ya bali ndo kuna familia yenye mali, inaitwa kutumba. Kutumba ni watu wote waliotokana na bibi mmoja kwa upande wa kike, wanamiliki ardhi kwa pamoja, na msimamizi ni yajamana, kawaida mwanaume mkubwa kuliko wote, ingawa mwanamke naye anaweza kushika nafasi hiyo na anaitwa yajamanti. Ndani ya kutumba kila mwanamke na kizazi chake wanafanya tawi linaloitwa kavaru. Mfumo mzima unaitwa aliyasantana, yaani mali ya mwanaume haiendi kwa mwanae wa kumzaa, inaenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mluguru akisikia hivi hashtuki hata kidogo, mjomba mwenye sauti kuliko baba anamjua. Kwa Kitulu mjomba ni tammale, na kwenye nyumba za zamani tammale ndo aliyekuwa anaamua mpunga upelekwe wapi, nani aolewe na nani, na nani asomeshwe.

Sasa chukua karatasi za ardhi za nyumba moja kubwa. Utaona orodha ya majina ya kiume, fulani Shetty, anafuata fulani Shetty, anafuata fulani Alva, na kwa macho yetu ya kuzoea baba na mwana unachora mstari ulionyooka, babu, baba, mtoto. Umekosea tayari. Mara nyingi ile ni mjomba na mpwa, mjomba na mpwa, na kati ya kila majina mawili kuna mwanamke ambaye hakuandikwa, dada wa yule wa kwanza na mama wa yule wa pili, na yeye ndo aliyebeba ukoo. Wakoloni wa Kiingereza waliandika jina la msimamizi anayelipa kodi, wakina mama wakabaki kwenye vichwa vya watu, na ndo maana nasaba nyingi zinazozunguka kwenye familia leo zina mababa wa uongo ndani yake bila mtu kukusudia.

Asili ya mfumo huu ina hadithi maarufu. Inasemekana kulikuwa na mfalme tajiri aliyetengeneza meli mpya, akataka kuzishusha majini, pepo mmoja anaitwa Kundodara akazizuia akidai kafara ya mtoto wa mfalme. Mke wa mfalme akakataa katakata kumtoa mwanae. Dada wa mfalme, Satyavati, akamtoa wa kwake, Jaya Pandya. Pepo akaguswa na moyo wa yule mama, akamwacha kijana akiwa hai, akaamuru kuanzia siku hiyo mali iende kwa mtoto wa dada, na kijana akatawala kwa jina la Bhutala Pandya. Kuna wanaoipa hadithi hii tarehe ya karne ya 1 kabisa. Kwa mtazamo wangu hii ni hadithi ya kuhalalisha kitu ambacho tayari kilikuwepo, mana mfumo wa mama haukuwa wa Wabunt peke yao, majirani zao Wanair wa Kerala walikuwa nao kwa jina la marumakkattayam, na kila upande wana misitu midogo ya kuabudia nyoka kwenye viwanja vya nyumba. Desturi iliyoenea pwani ndefu namna ile haitokani na amri ya siku moja. Lakini hadithi inasema kitu cha kweli kuhusu hisia zao, kwamba dada ndo mtu anayeweza kuaminiwa na nyumba.

Zipo na hadithi zingine. Wapo Wabunt wanaosema wao ni kizazi cha Naga, nyoka mtakatifu. Wapo wanaojiunganisha na simulizi za Wabrahmini wa Tulu Nadu, lile tabaka la makuhani wa Kihindu, kwamba mfalme Mayuravarma wa nasaba ya Kadamba alileta Wabrahmini kutoka Ahichchhatra kaskazini akawagawia vijiji na Wabunt wakawa walinzi. Simulizi hiyo ya mwisho mimi naisoma kama hati ya madai ya ardhi iliyovalishwa nguo ya historia, inamfaidisha anayeisimulia. Kilichoandikwa kwenye mawe ni cha nasaba ya Alupa, watawala walioshika pwani hii kwa karne nyingi kutokea Mangaluru, Udyavara na Barkur, na karne ya 13 pale Barkur alitawala malkia Ballamahadevi. Baada ya Alupa kudhoofika nchi ikabaki mikononi mwa nyumba za machifu, nyingi zikiwa za dini ya Kijaini, dini ya kale ya India iliyo tofauti na Uhindu: Chowta wa Ullal na Moodabidri, Banga, Ajila wa Venur, na Bhairarasa wa Karkala, ambako sanamu kubwa ya jiwe ya Bahubali, mtakatifu wa Wajaini, ilisimamishwa mwaka 1432. Ile ya Venur ni ya 1604. Baadhi ya majina ya nyumba hizo, Chowta, Ajila, Ballal, utayakuta leo kwa Wajaini na kwa Wabunt wa Kihindu pia, na ndo maana watu wanazungumzia Wabunt wa Kijaini kama tawi la jamii hiyohiyo.

Chowta ndo mfano mzuri wa kuona haya yote yakifanya kazi. Karne ya 16 mtawala wao Tirumala Raya hakumpa nchi mtoto wake, alimwandaa mpwa wake wa kike Abbakka, akamkalisha Ullal, bandari iliyo mdomoni mwa mto karibu na Mangaluru. Akaolewa na mtu wa nyumba ya Banga lakini hakuhamia kwa mume kama mke wa kawaida, alibaki malkia kwenye nchi ya mama zake, ndoa ikavunjika na utawala wake ukaendelea. Abbakka aliwapiga Wareno kwa miaka mingi kwa sababu walitaka kodi na kudhibiti biashara yake, na hawa ni Wareno haohao wa Goa, makao yao huko India, walioanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, kwahiyo vita yake na vita ya watu wa pwani yetu vilikuwa na adui mmoja. Mchele wa pwani ile ulikuwa unalisha Goa na unaenda mpaka Maskati, sio kitu kidogo walichokuwa wanagombania. Mwaka 1623 msafiri wa Kitaliano Pietro della Valle alifika kwenye nchi ya Ullal akamkuta malkia anatembea peku mashambani anasimamia kazi ya mifereji ya maji. Huyo hawezi kuwa yule wa katikati ya karne ya 16, hesabu ya miaka inakataa, na ndo maana wanahistoria wanasema walikuwepo akina Abbakka zaidi ya mmoja, wakati simulizi za mtaani zimewaunganisha wakawa mtu mmoja. Nyumba ya Chowta bado ipo Moodabidri, ina nguzo za mbao zilizochongwa wanawake waliosukwa pamoja wakatengeneza umbo la farasi na la tembo.

Nyumba nyingi hazikuwa za kifalme namna hiyo. Familia ya Kibunt yenye nguvu kijijini ilikaa kwenye guttu, nyumba kubwa ya ua katikati yenye ukumbi wa mbele unaoitwa chavadi, na mkuu wa guttu alikuwa anasimamia kijiji au sehemu yake, kuhukumu kesi, kukusanya mpunga, kuandaa mbio za nyati kwenye mashamba ya matope zinazoitwa kambala. Kuna guttu, kuna barike, kuna beedu, na kila moja ina nafasi yake. Mtu akijitambulisha anataja nyumba kwanza, alafu jina lake, alafu cheo, na lile jina la nyumba lina habari kubwa kuliko hayo mengine mawili.

Watawala wakubwa walipita juu ya nyumba hizi bila kuzing'oa zote. Manayaka wa Keladi walikuja, mwaka 1763 akaja Hyder Ali, mtawala wa Mysore, akapandisha kodi na kuwavunja nguvu machifu, akafuata mwanae Tipu Sultan, na 1799 Waingereza. Thomas Munro, ofisa wao wa kwanza wa kodi hapo Kanara, jina walilokuwa wanaiita pwani hii, alishangaa kukuta ardhi ya watu binafsi yenye hati za vizazi na vizazi. Waingereza wakamwandikisha mwenye shamba kama wargdar, yaani mlipa kodi wa serikali, na chini yake wapangaji wa aina mbili, mulgeni ambaye mkataba wake ni wa kudumu na kodi haipandi, na chalgeni ambaye anaweza kufukuzwa mwaka wowote. Wapangaji walimlipa mwenye shamba kwa mchele uliofungwa kwenye vifurushi vya majani ya mpunga. Na chini kabisa walikuwepo watu waliofungwa kwenye ardhi yenyewe, watumwa wa shamba, walihesabiwa pamoja na mali, sheria ya kufuta utumwa India ilipita 1843 lakini utegemezi ukaendelea muda mrefu sana baada ya hapo. Nasaba za guttu haziwataji hao. Ukisoma kwamba nyumba fulani ilikuwa na mashamba vijiji vitano ujue kuna mikono ya watu waliolima yale mashamba na wajukuu zao wapo hapohapo kijijini, nao wana bali zao na bibi zao.

Ishu ya kugawana mali ndo iliyoleta vurugu kwenye familia nyingi. Kwa desturi kama mahakama ya Madras, jimbo la Waingereza la kusini mwa India, ilivyoikubali karne ya 19, mtu mmoja hakuweza kudai sehemu yake, mpaka wote wakubali, hivyo unaweza kukuta watu mia wanasubiri uamuzi wa mjomba mmoja na wengine wanaishi Bombay, yaani Mumbai ya leo. Sheria ya Madras ya Aliyasantana ya 1949 ikaruhusu mgawanyo kwa kufuata kavaru, na hapo ndo kuna kipengele kigumu. Kavaru yenye angalau mwanamke mmoja ambaye hajafikisha miaka 50 ilihesabiwa ina uzazi, ikapata sehemu yake moja kwa moja. Kavaru isiyo na mwanamke wa namna hiyo, mfano mzee mwanaume ambaye mama na dada zake wamefariki, ilipata haki ya kutumia mpaka kifo tu pale zilipokuwepo kavaru zingine zenye uzazi, baadae mali inarudi kwao. Ana watoto wake wa kuwazaa, anawalea, lakini kisheria wao sio wa kutumba yake. Alafu ikaja sheria ya urithi wa Wahindu ya 1956 ikasema sehemu ya marehemu iende kwa warithi wake mwenyewe, watoto wa baba wakaingia mlangoni. Kwahiyo familia moja inaweza kuwa na mali iliyopita kwa wapwa mpaka miaka ya 1940, ikagawanywa kwa kavaru miaka ya 1950, na baada ya hapo ikaenda kwa watoto. Ukichora mti bila kujua hizi tarehe hauelewi kwanini ghafla majina yanabadilika. Na pale ambapo kutumba ilikosa mtoto wa kike kabisa, waliasili msichana ili ukoo usikatike, jambo ambalo linaelezea yale matawi ambayo wazee wanaongea kwa sauti ya chini kwamba "wale waliletwa".

Pigo la ardhi lilikuja na mabadiliko ya 1974 chini ya waziri mkuu wa Karnataka, Devaraj Urs. Kuanzia tarehe 1 Machi 1974 ardhi yote iliyokuwa kwa wapangaji ikawa ya serikali, na mpangaji akajaza Fomu namba 7 kudai umiliki mbele ya baraza la ardhi. Kwenye hizi wilaya za pwani mashamba mengi yalikuwa ya kupangisha kwahiyo mtikisiko ulikuwa mkubwa kuliko sehemu zingine za jimbo, guttu zilizokuwa zinapokea mchele kwa mikokoteni zikabaki na nyumba, ua na kipande cha kulima wenyewe. Ila tusisimulie kama Wabunt wote walipoteza, hapana, wapo Wabunt waliokuwa wapangaji wa Wajaini, wa Wabrahmini na wa mahekalu, hao walipata. Mimi naona mageuzi yale yalikuwa ya haki hata kama yaliumiza nyumba zenye historia tamu, mana aliyelima ndo aliyepata. Waliokosa ardhi waliongeza safari ambazo zilishaanza zamani, Mumbai kwenye hoteli na migahawa, ambako umoja wao wa Bunts Sangha ulianzishwa tangu 1927, na nyumbani Mangaluru walishaanzisha Vijaya Bank mwaka 1931, ile iliyounganishwa 2019 na Bank of Baroda, ambayo watu wa Kampala na Mombasa wanaijua vizuri.

Lakini ukoo haukwenda na ardhi. Kila kutumba ina daiva zake, roho walinzi wa nyumba na kijiji, kama Jumadi, Panjurli, Jarandaya, na vitu vyao vya ibada vinatunzwa kwenye guttu. Kwenye sherehe ya usiku ya kola au nema, mchezaji kutoka jamii za Pambada, Parava au Nalike anapandwa na daiva, anaongea na wakuu wa guttu mmoja mmoja kwa mpangilio wa heshima, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpangilio huo ni nasaba inayosomwa hadharani mbele ya kijiji kizima, na familia zimepelekana mpaka mahakamani kwa sababu ya nani aitwe kabla ya nani. Kuna pia paddana, simulizi za kuimbwa wakati wa kupandikiza mpunga na kwenye ibada. Kubwa kuliko zote ni ya Siri, mwanamke wa nyumba ya Alva, mjukuu wa mzee Berma Alva wa Satyanapura, aliyemwacha mume wake Kantu Poonja wa Basrur na akanyimwa nyumba ya babu yake. Wanawake mpaka leo wanapandwa na roho ya Siri kila mwaka, na mimi sishangai kwamba kesi ya mirathi ya mwanamke ndo iliyokuwa simulizi kubwa ya nchi hii.

Kwahiyo mtu akiwa na asili ya huko na anataka kuijua familia yake, aanze na bali ya mama, alafu aulize mama wa mama alitoka nyumba gani, alafu aulize nagabana ya asili iko wapi, yaani ule msitu mdogo wa mawe ya nyoka ambapo kutumba yote inarudi kutoa maziwa siku ya Nagara Panchami. Watu waliopotezana vizazi vinne wanakutana hapo, wanagundua wana bibi mmoja. Baada ya hapo ndo aende ofisi ya msajili kutafuta hati za mgawanyo za baada ya 1949, ambazo zinataja kila kavaru na wanawake wake kwa majina, hukumu za mahakama, na mafaili ya baraza la ardhi ya 1974. Orodha za kodi za Waingereza aziweke mwisho, na kila anapokuta majina mawili ya kiume yanafuatana aandike katikati nafasi tupu ya mwanamke, amtafute kabla hajachora mstari.